Bawaba ya laptopu iking'oka, supa gluu iache

Mkuu, pole. Umesema ukifungua laptopu yako kona ya kushoto inatanuka na kutoa mlio, na fundi wa mjini kakwambia ununue kava zima wakati hela ya kukutoa Nyegezi kwenda na kurudi unaihesabu. Kava huenda si lazima.

Mara nyingi bawaba yenyewe ni nzima. Iliyovunjika ni plastiki inayoshika vile vinati vidogo vya shaba ambamo skrubu za bawaba hukazwa. Chanzo kikubwa ni bawaba kukaza mno. Ukigundisha plastiki bila kulegeza bawaba, utairudia kazi hiyohiyo. Nyingi zina nati kwenye mhimili: legeza robo mzunguko, jaribu, ongeza kama bado ngumu. Ila isilegee hadi skrini ianguke yenyewe.

Kabla ya yote zima, chomoa betri. Panga skrubu kwenye karatasi kwa kufuata zilikotoka, maana ndefu ikiingia pasipo pake inatoboa kava. Mimi nilishatoboa. Waya wa skrini unapita hapohapo kwenye bawaba, usiubane.

Gundi tumia epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Supa gluu hukauka ikawa kama kioo, ikapasuka. Kwangua plastiki kwa msasa, futa kwa spiriti, rudisha vinati mahali pake, paka pembeni bila kuziba matundu. Iache saa 24 kivulini. Usiianike juani kama dagaa wa Igombe, na usifunge mapema kwa haraka ya mechi.

Plastiki ikiwa imesagika kabisa, hapo fundi alikuwa sahihi.