Mpiga picha wa Vertov ni nani

Ukidhani kwamba yule jamaa anayetembea na kamera begani katika filamu ya 1929, Mtu Mwenye Kamera, ni Dziga Vertov mwenyewe, hapana, siye. Ni mdogo wake, Mikhail Kaufman, na ndiye aliyepiga picha nyingi za filamu hiyo. Vertov alikuwa mwongozaji. Angalia majina yanayopita mwanzoni mwa filamu yenyewe: Kaufman ametajwa kama mpiga picha mkuu, na Elizaveta Svilova, mke wa Vertov, ametajwa upande wa uhariri. Svilova humo ndani anaonekana kabisa, ameketi mezani anakata na kuunganisha vipande. Kwangu mimi huyo mama anastahili sifa kubwa kuliko anazopewa, maana filamu ile inasimama kwa uhariri wake.

Kuchanganya ni rahisi kwa sababu Vertov naye ni Kaufman: alizaliwa David Kaufman mwaka 1896, Vertov ni jina la kazi. Mdogo wao wa mwisho, Boris, alikwenda Marekani na akapata Oscar ya upigaji picha kwa filamu ya On the Waterfront.

Ila kumwita Vertov "Mrusi" tu kunahitaji uangalifu. Alizaliwa Białystok, mji uliokuwa chini ya himaya ya Urusi na leo uko Poland, katika familia ya Kiyahudi, na filamu hiyo ilitengenezwa na studio ya Ukraine, VUFKU. Mtengeneza filamu wa Kisovieti ni sahihi zaidi. Alifariki Moscow mwaka 1954.