Ndege wanaoruka kabla ya kupigwa picha

Umeuliza kwa nini ndege wa mtaani huruka kabla hujainua kamera, na kwa nini picha chache unazopata hutoka na ukungu. Mara nyingi sababu ya kuruka ni kuwaendea moja kwa moja huku umewakazia macho. Afadhali utembee kwa mshazari, usimamesimame njiani, na jua liwe mgongoni mwako, hasa asubuhi mapema, wakati mwanga ni laini nao wanahangaikia chakula. Kwa ndege aliye angani, anza na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kuingiza mwanga, ya 1/1000 ya sekunde ili kupunguza ukungu, kisha ulenge jicho, kwani likionekana vizuri, hata mkia ukififia picha hukubalika. Akiacha kudonoa na kunyoosha shingo, amekwisha kukuona, hivyo tulia au urudi nyuma kidogo. Aliye kiotani mwache kabisa, maana anaweza kuyatelekeza mayai.