Fundi uliyepata oda ya kampuni: akaunti fungua, ila chunga kinachopita humo

Mkuu, swali lako nimelisoma. Una karakana ndogo Keko, umezoea wateja wa mkononi na wa M-Pesa, sasa kampuni imekupa oda ya meza na makabati ya ofisi, inataka TIN (namba ya mlipakodi), risiti na akaunti yenye jina la biashara. Unauliza uanzie wapi, na kama TIN uliyokatia leseni ya udereva inafaa. Mimi samani ndiyo kazi yangu hapa hapa Temeke, miaka mingi sasa, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona.

TIN hiyo ya leseni siyo ya biashara. Usiombe nyingine, maana mtu mmoja ana TIN moja tu. Nenda TRA, mamlaka ya mapato, waibadilishe iwe ya biashara. Hailipiwi, hivyo kijana wa steshenari anayekudai hela "ya kuharakisha" mpite tu. Leseni ya biashara inatoka manispaa, siku hizi unaiomba mtandaoni kwenye mfumo wa TAUSI. BRELA (wasajili wa majina ya biashara) unaenda kama unataka jina la biashara tofauti na lako. Ukiwa na hivyo vyote pamoja na kitambulisho cha NIDA, benki haikusumbui.

Sasa kuna jambo mafundi wengi hawalijui mpaka siku wanakadiriwa kodi: kodi ya makadirio kwa mfanyabiashara mdogo inatozwa kwenye mauzo, siyo kwenye faida. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, hulipi. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu za biashara analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa 3% ya kile kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu ni 250,000, mwenye nazo ni 90,000 na 3% ya kilichozidi milioni 7. Chukua mtu aliyeuza milioni 9: mwenye daftari ni 150,000, asiye nalo 250,000. Laki nzima imekwenda kwa sababu ya daftari la kaunta. Malipo yenyewe yanagawanywa mara nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Na daftari usilitupe mwaka ukiisha, sheria inataka kumbukumbu zikae miaka 5.

Kwa kuwa kinachohesabiwa ni mauzo, angalia hela inaingiaje. Mteja akikupa 1,200,000 ya seti ya sofa, humo ndani kuna sponji, kitambaa na mbao, na yote inasomeka kuwa umeuza. Wateja wangu wa nyumbani walio tayari huwa naenda nao dukani, sponji na kitambaa wanalipia wenyewe, risiti inaandikwa jina lao. Kwangu inaingia hela ya mbao na ufundi, ndicho nilichowauzia. Kampuni haina muda wa hayo, inataka bei moja.

Halafu stetimenti ya benki. Nilishawahi kumsindikiza fundi mwenzangu kukadiriwa. Afisa anashuka na kalamu mstari kwa mstari. "Hii laki nane ni ya nini?" "Ya kikoba, mimi ndiye mweka hazina." "Na hii?" "Dada alituma, tulikuwa na msiba." "Una maandishi yoyote?" Kimya. Kalamu ikaweka alama, zikajumlishwa kwenye mauzo. Jamaa alitoka analalamika, lakini karatasi ilikuwa inasema hela imeingia akaunti ya biashara, basi. Kwa hiyo akaunti ya biashara na Lipa Namba viingize hela ya kazi tu. Vikoba, upatu, michango ya harusi, peleka laini yako binafsi. Na ukitaka kula, jihamishie kiasi kimoja kila wiki, siyo kuchomoa elfu kumi kumi mpaka mwenyewe hujui ipi ya chakula na ipi ya vanishi.

Hii oda ikikufikisha milioni 11 kwa mwaka, mashine ya EFD (ya kutolea risiti za kodi) inakuhusu, ipangie bajeti mapema. VAT bado iko mbali na wewe, usajili wa lazima ni mauzo ya milioni 200.

Kwenye ankara tenganisha bidhaa na huduma. Kampuni ikilipa huduma inazuia 5%, yaani inaikata kabla ya kukulipa. Kama kazi ya ufungaji ni milioni 2, utaona 1,900,000 imeingia. Hujaibiwa, hiyo laki inapelekwa TRA kwa jina lako, ila lazima uwadai cheti cha kodi ya zuio, maana ndicho kitakachopunguza kodi yako. Mafundi hawavifuati hivi vyeti, sijui kwa nini, ni hela yao. Ukiuzia bidhaa serikalini, zuio ni 2%.

Zuio lipo hata kwenye pango, 10%, na mpangaji wa biashara ndiye wa kulikata. Mtajie mwenye fremu uone, atakuambia utafute fremu nyingine. Hilo elewaneni kabla ya kusaini mkataba.

Mafundi ujenzi na watu wa huduma za kitaalamu mnaosoma hapa, hizo hesabu za makadirio msizinakili, utaratibu wenu ni mwingine.

Mwisho mkuu, kabla hujapokea LPO (hati ya oda ya kampuni) uliza wanalipa baada ya siku ngapi. Kampuni nyingi zinakuambia 30, na zinahesabu tangu siku walipopokea ankara, siyo siku uliposhusha meza. Omba advansi ya kununulia mbao, iandikwe kwenye mkataba. Wakigoma, waulize kama MDF (mbao za kiwandani) wanaweza kununua wenyewe.