Umeachiwa kiti cha mwimbaji aliyependwa

Mdogo wangu uliyeingia bendi juzi, najua umeshaambiwa huimbi kama fulani aliyeondoka. Nami niliambiwa. Usiku wangu wa kwanza jukwaani shabiki mmoja alinijia mbio na noti mkononi, nikadhani anakuja kunitunza. Kumbe anauliza: “Dada, yule wetu kaenda wapi?” Noti akarudi nayo.

Ndipo mpiga tumba wetu aliponisimulia habari za Celia Cruz, mwimbaji wa Kuba. Mwaka 1950, kule Havana, alichukua nafasi ya Myrta Silva kwenye bendi ya Sonora Matancera. Wasikilizaji wa redio wakaandika barua kumkataa. Kiongozi wa bendi, Rogelio Martínez, hakumtoa, na Celia akakaa miaka 15. Hakuwa mgeni wa mambo madogo: alikuwa akisomea ualimu huku akishiriki mashindano ya redio, na moja ya zawadi zake za mwanzo ilikuwa keki. (Sisi wengine tulianzia kwenye soda.)

Sasa, usikimbilie mawigi yake na ule ukelele wake wa “Azúcar!” (yaani “Sukari!”). Hayo yanaonekana, ndiyo maana kila mtu huyaiga. Sikiliza anavyokaa ndani ya mdundo. Chukua vijiko viwili, gonga mapigo matatu, kisha mawili, yazunguke bila kukatika. Hiyo ndiyo klave, na muziki mwingi wa Kuba umeegemea hapo. Weka Quimbara, wimbo aliorekodi na mwanamuziki Johnny Pacheco mwaka 1974, ujaribu kuzitamka zile silabi za mwanzo bila kuacha kugonga. Ulimi utajikunja. Vijiko vitapotea. Mimi vilinipotea wiki mbili, na mpiga tumba alicheka mpaka akatoka nje.

Ukishaweza, tafuta video za tamasha la Kinshasa, Septemba 1974, alipoimba wimbo huohuo pamoja na Fania All-Stars, kundi la salsa la New York. Wengi uwanjani hawakujua Kispanyola, ila walikuwa wamekulia kwenye santuri za Kuba, zilezile zilizoilea rumba yao. Mtazame kiitikio kinapoanza: anawaachia waitikiaji nafasi yao, halafu anajipenyeza kwenye upenyo na maneno ya papo kwa papo, hagombanii maiki na mtu. Wapya wengi hapo ndipo tunapoharibu, tunaimba juu ya kiitikio tukiogopa kusahaulika.

Anza leo na vijiko, jikoni. Majirani wakilalamika, punguza sauti ila usikate klave.