Mwanangu, Muulize Anayefagia

Mwanangu,

Ujumbe wako tumeusoma mimi na mama yako jana baada ya isha, yeye kashika simu, mimi nimeshika miwani. Umeuliza jambo fupi: wewe na mumeo mnakwenda Lisbon siku nne mwezi wa nne, hamjawahi kufika, je, mji ule unatembeleka kwa miguu au mkate tiketi za tramu tangu siku ya kwanza? Mama yako alitaka nikujibu kwa sauti, dakika moja, yaishe. Nimeona niandike. Nikirekodi, yeye hunikatiza.

Unatembeleka. Kutoka uwanja wa Rossio mpaka ukingoni mwa mto Tejo ni robo saa tu, na kwa kijana haifiki. Kinachochosha pale si umbali, ni vilima, na zaidi ya vilima ni mawe. Njia za waendao kwa miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, vimesuguliwa na nyayo za watu mpaka vinang'aa, na mvua ikipita vinakuwa kama sakafu iliyomwagikiwa mafuta ya nazi. Vaeni raba zenye meno. Pale Rossio vijiwe vimepangwa kwa mtindo wa mawimbi, na mama yako alisimama katikati akanishika mkono akasema anajiona kama yuko kwenye mashua ya kwenda Kilwa Kisiwani wakati wa kusi. Uwanja wenyewe bapa kama meza.

Jibu lako ndilo hilo. Lakini umeandika pia, kama mtu anayepita tu, kwamba mumeo "ana ramani yake na hapendi kuuliza uliza watu". Hapo nikaona swali si la tramu.

Unajua ninavyosema siku zote: ukifika mji wa watu, muulize anayefagia. Usimuulize polisi, usimuulize muuza duka, simu ndiyo kabisa usiiulize. Anayefagia amepita kila mtaa alfajiri, anajua mlango upi unafunguliwa na upi haujafunguliwa mwaka mzima. Hivyo ndivyo nilivyoijua Dar es Salaam mwaka 1974 nilipopelekwa chuo, na hivyo ndivyo nilivyokusudia kuijua Lisbon kaka yako alipotulipia safari ile ya 2016, tukitokea kwake Ubelgiji. Mama yako ananikumbusha kwamba kaka yako alitupa na simu yenye ramani. Kweli alitupa. Ilikaa kwenye mkoba.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri mno. Tuliteremka Baixa, mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, mmoja jina lake Mtaa wa Dhahabu, mwingine Mtaa wa Fedha. Imenyooka hivyo kwa sababu mji wa chini ulivunjika wote tarehe 1 Novemba 1755. Tetemeko liliwakuta watu makanisani, kisha bahari ikapanda, kisha moto ukawaka siku kadhaa. Waziri wa mfalme, yule waliyekuja kumwita Marquês de Pombal, akaamuru mji uchorwe upya kwa rula. Juu yake kuna kanisa la Carmo, ambalo walianza kulitengeneza wakaishia njiani: nguzo na matao yamesimama, paa hakuna, mawingu yanapita juu. Mama yako aliinua uso akasema, "Mwalimu, huu si msikiti wetu wa Kisiwani?" Nikamweleza tofauti kwa kirefu. Sasa nikifikiri, hakuwa anauliza.

Mtaa mkongwe wa Alfama nao ulinusurika sehemu kubwa, na huo umepangwa na mtu aliyekuwa anamfukuza kuku. Ngazi, kichochoro, ngazi, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vyenu, kuta za vigae vya buluu. Jina lenyewe ni la Kiarabu, la chemchemi za maji moto, ndugu yake hamamu letu. Mle msishike ramani kabisa, hata huyo mumeo. Pandeni mpaka muone mto, mkichoka teremkeni mpaka muone mto. Na mkipita kwenye vibanda wanaouza kinywaji chekundu kwenye vikombe vidogo, msidhani ni juisi ya rozela. Ni pombe ya cheri. Mimi niliokolewa na mama yako, aliyenusa kwanza.

Yeye kule alikuwa na bahati na Kireno. Aliingia dukani kutafuta kitambaa cha kufutia jasho, akamwambia mwenye duka kwa Kiswahili tu, "Leso." Yule mama akafungua droo akamtolea. Lenço! Tumelichukua kwao neno hili, pamoja na meza na mvinyo, na mama yako alitoka mle ndani akijihesabu kuwa anasema lugha ya watu. Nilicheka. Ningejua, nisingecheka.

Sasa siku ya nne, ambayo mama yako anasema nisiiandike, na mimi naiandika.

Unakumbuka nilipowapeleka Kisiwani mkiwa wadogo, ukalia kwa sababu ya popo mle Gerezani, ile ngome ya kale. Mlikuwa mmechoka, hamkunisikiliza, lakini nilisimama ukutani pale nikawaeleza habari za dhahabu. Vasco da Gama alikuja Kilwa mwaka 1502 akiwa na mizinga, akamlazimisha Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, alipe kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ikapelekwa Lisbon, na Mfalme Manuel akamwagiza sonara, Gil Vicente, atengeneze chombo cha ibada kwa ajili ya watawa wa Belém. Kilimalizika mwaka 1506. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wamesharudi wakauteka mji wenyewe. Chombo hicho kipo mpaka leo, kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, Mtaa wa Madirisha ya Kijani, Rua das Janelas Verdes. Miaka thelathini nimewafundisha watoto wa Kilwa jambo hili kwa chaki. Nikasema moyoni, nitakwenda nikiangalie kwa macho yangu, tena kwa miguu yangu, nikitembea kandokando ya mto kama mtu anayefuata mzigo wake.

Si mbali. Kutoka uwanja mkubwa wa mtoni, Praça do Comércio, ni kilomita mbili na kitu kuelekea magharibi. Tulitoka saa tatu asubuhi. Tulipopita Cais do Sodré nikamwona mfagiaji, baba mmoja wa makamo, ufagio mrefu na pipa la magurudumu. Moyo ukanikunjuka. Nikamwonyesha karatasi niliyoandika jina la makumbusho. Akasoma, akatikisa kidole, akasema neno refu ambalo ndani yake nilisikia "segunda". Akalirudia: segunda, segunda. Halafu akapishanisha mikono kifuani. Nikamshukuru sana. Nikamwambia mama yako, "Mtaa wa pili, tupinde."

Akasema, "Mwalimu, huyu anasema pamefungwa."

Nikamwambia leso haijamfanya mkalimani.

Tukapinda mtaa wa pili. Mwanangu, mtaa wa pili ulikuwa mlima. Palikuwa na behewa dogo la njano lililovutwa kwa kamba kupanda pale, likatupita likienda, likatupita likirudi, na abiria wale wale nadhani walituangalia mara mbili. Juu kabisa kuna baraza la kutazamia mto, na ukikaa pale unaliona daraja kubwa jekundu. Walilifungua mwaka 1966 wakalipa jina la Salazar, mtawala wao wa wakati ule. Mapinduzi ya 1974 yalipokuja wakalibadili, sasa linaitwa la 25 Aprili. Sisi watu wa kusi ambao jina la Salazar tulilisikia redioni kila siku vita vya Msumbiji vikipiganwa ng'ambo ya Ruvuma, nilitaka nilikalie daraja lile nalitazama saa nzima. Lakini mama yako alikuwa amevua viatu, na kidole chake kimetoka damu.

Tukateremka upande mwingine. Nikauliza tena, safari hii kijana wa duka. Akatuelekeza. Tulifika saa sita kasoro.

Mlango umefungwa.

Segunda-feira, mwanangu, ni Jumatatu. Wareno wanahesabu kuanzia Jumapili, kwa hiyo Jumatatu kwao ni siku ya pili. Sisi tunaanzia Jumamosi, kwa hiyo ni ya tatu. Siku ile ile moja, kwao ya pili, kwetu ya tatu, na mimi mwalimu wa jiografia niko katikati nahesabu mitaa. Makumbusho yao mengi hufungwa Jumatatu. Yule baba alinieleza kila kitu, siku na hali, hata kwa mikono. Na sisi ndege yetu ilikuwa kesho yake alfajiri.

Kuna bustani ndogo pembeni mwa jengo. Mama yako alikaa akatoa mayai ya kuchemsha na mkate, akanimenyea moja. Hakusema "nilikwambia". Angesema ingekuwa nafuu. Mimi, badala ya kula yai nikanyamaza, nikamwuliza: "Kwa nini hukusisitiza?"

Akatafuna kwanza. Akasema, "Nilisisitiza mwaka 1981."

Anajua yeye alichomaanisha, na wewe nadhani unajua, maana ile habari ya shamba la Kivinje umeisikia kwa bibi yako. Mimi niliangalia meli.

Nimezaliwa Kilwa, dhahabu imetoka Kilwa, tumekuja kukutana mbali kiasi kile tukatenganishwa na ubao wa mlango. Miaka imepita na bado nikilala naona ule ubao. Halafu najiuliza, ni dhahabu ya nani hasa? Kilwa hatukuchimba hata chembe. Ilitoka bara, huko Zimbabwe, ikateremshwa Sofala, sisi tukaishika kwa sababu bandari ilikuwa yetu. Madalali. Amir Ibrahim alilipa kodi kwa mali iliyochimbwa na mtu ambaye jina lake halipo popote. Kwa hiyo labda hasira zangu mlangoni pale zilikuwa za dalali. Lakini hapana, dalali naye hutishwa kwa mizinga akaumia. Hapa huwa nabishana mwenyewe mpaka mama yako ananiambia nizime taa.

Ila neno langu liko pale pale. Aliyekosea si mfagiaji. Muulizeni anayefagia, kisha msikilizeni, na kama mko wawili asikilize yule mwenye kusikia. Nani kati yenu, hilo silisemi. Mumeo ni kijana mzuri, ni fundi, mtu wa vipimo, na mtu wa vipimo kuamini ramani si kosa. Mama yako amenitazama sana nikiandika mstari huu. Nasema tu kwamba siku ile kwenye harusi yenu alizunguka Kilwa Masoko nzima akitafuta ukumbi ulio mkabala na nyumba alimolala, na watoto walikuwa wanafagia nje. Sijasema zaidi.

Mambo mengine madogo. Kwa swala, msikiti mkubwa upo karibu na Praça de Espanha, wa tangu 1985, lakini huko si kwa miguu, pandeni metro. Chakula cha halali mtakipata Mouraria, kwa Wabangladeshi, kuku wao wa viungo atawakumbusha nyumbani. Belém pia ni mbali, pandeni tramu mkiwa wazima. Ndani ya kanisa la Jerónimos kuna kaburi la yule Vasco. Mama yako alilitazama kidogo akasema, "Amelala pazuri," akatoka nje. Mimi nilibaki, nikatafuta la kusema, sikupata.

Na mkienda Madirisha ya Kijani, msiende Jumatatu. Sikutumi. Mnayo siku nne tu na ni honimuni yenu iliyochelewa, mnaweza kukaa Alfama mkala samaki. Ila ukijikuta upande ule, ingia, kitafute, kisimamie mbele dakika mbili. Picha usinitumie. Kitu nilichokikosa kwa ubishi wangu sitaki kukiona kwenye kioo cha simu.

Mama yako anasema yeye anaitaka. Mtumie yeye.

Baba yako