Mkono wa Mreno, Kazi ya Ukili: Maswali kwa Fundi

Mwezi huu meza yangu imejaa Wareno. Skuli mbili na kikundi kimoja cha sanaa wanatayarisha michezo ya kuigiza juu ya Unguja na Pemba ya miaka ya 1500, na kila mmoja kaona mahali picha ya nguo za Ulaya za zama hizo, zile zenye mikono iliyosukwa kwa riboni kama mkeka, kaja mbio kwa fundi. Simu hailali. Nimekusanya maswali yanayojirudia, niyajibu hapa mara moja, kisha nirudi kwenye cherehani.

Mwalimu wa skuli, Wete: Shikamoo fundi. Nimeona picha ya mwanamke wa Ulaya mwenye mikono ya vipande vipande, na juu mabegani kavaa wavu wa dhahabu. Nguo za namna hii zilikuwepo kweli, au ni urembo wa wachoraji? Na sisi tuanzie wapi?

Marahaba mwalimu. Zilikuwepo. Unavyoeleza, nadhani umeiona picha ya Eleonora wa Toledo, iliyochorwa na Bronzino huko Florence, Italia, yapata mwaka 1545. Itazame tena kwa karibu. Kitambaa cha mkono kimeachwa nyufa ndefu, na shati jeupe la ndani limevutwa kwenye nyufa hizo likatuna kama andazi. Ule wavu wa mabegani una lulu kila nyuzi zinapokutana. Lakini kumbuka huyu alikuwa mke wa mtawala. Wareno wa mchezo wako wengi ni mabaharia. Meli za Vasco da Gama zilipita Unguja 1499, na nahodha wao Ravasco alipokuja kudai kodi 1503 hakuja na mabibi wa kifalme. Basi riboni mpe nahodha mkubwa peke yake, wengine washonee mashati mapana ya bafta, kile kitambaa chepesi cheupe cha pamba. Utaokoa fedha, na jukwaani watu watajua nani bwana na nani mpiga makasia.

Pa kuanzia ni hapa: usiushone mkono kwenye gauni. Karne ile ya 16 mkono mara nyingi ulikuwa kitu cha peke yake. Ulifungwa begani kwa vikamba vilivyopita kwenye vitundu, vikamba vyenye ncha ya chuma kama kamba ya kiatu, na mwenye nafasi aliweza kuwa na gauni moja na jozi kadhaa za mikono. Kwa skuli hili ni jambo la kheri. Mtoto mnene na mwembamba watavaa mikono ile ile, na jasho la mazoezi utafua shati tu. Vitundu hivyo usivitie pete za chuma, hizo ni za karne ya 19. Toboa, kisha zungushia uzi kwa mkono. Hapo Wete hamkosi mtu anayeshona kofia za viua, vile vitundu vilivyozungushiwa uzi. Mpe yeye, kwake hiyo ni kazi ya nusu saa. Mimi mwenyewe viua vyangu huenda upande, nasema ukweli.

Fundi mwanafunzi, Makunduchi: Nitanunua riboni mita ngapi? Kila ninayemuuliza ananiambia "nunua nyingi".

Huyo aliyekwambia hivyo pengine ana duka. Hesabu ni nyepesi. Chukua mkono wa mtu mzima, ufungue, ulaze bapa. Tuseme umepata urefu wa sentimita 50 na upana wa 40. Kwa riboni ya upana wa sentimita 2.5, za kusimama zitaingia 16. Kila moja ikate sentimita 55, ibaki kidogo huku na huku pa kubania pini. Hiyo ni mita 8.8. Za kulala zitaingia 20, kila moja sentimita 45, jumla mita 9. Mkono mmoja, basi, ni mita 17.8, na jozi ni mita 35.6. Roli ya yadi 25 ina karibu mita 23, kwa hiyo ukichanganya rangi mbili, moja ya kusimama na moja ya kulala, roli moja moja inatosha mikono yote miwili na chenji inabaki.

Ukitamani riboni nyembamba ya sentimita 1 kwa sababu ni nzuri zaidi machoni, na ni kweli ni nzuri, jua kwamba jozi ile ile itakula mita 89. Roli nne ni mita 91. Ukikosea kukata mara mbili tatu umeishiwa, na ukirudi sokoni Darajani unaambiwa rangi ile imekwisha.

Mimi kwa jukwaani nasuka kwa kuacha nafasi. Riboni moja, pengo la upana wa riboni, riboni moja. Chini yake naweka bitana ya rangi nyingine, ionekane kwenye vidirisha. Riboni inapungua nusu, na kwa aliyekaa viti vya nyuma inaonekana zaidi kuliko iliyosukwa ikajaa.

Dada wa Jang'ombe: Nimejaribu mara tatu. Riboni zinateleza, zinapishana, nikimaliza kipande kimepinda kama samaki aliyekauka. Nakosea wapi?

Nimecheka, nisamehe. Unavuta. Najua kwa sababu na mimi nilianza hivyo hivyo, mkono umezoea ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonewa mikeka. Ukindu unaurowesha, unausuka ukiukaza, na kadiri unavyokaza ndivyo mkeka unavyokaa. Riboni ya satini haitaki hayo. Ukiivuta inajikunja pembezoni, kipande kinabanwa kiuno, ndiyo huyo samaki wako. Ilaze tu, iguse mwenzake, basi.

Fanya hivi. Tafuta kipande cha godoro au maboksi mawili yaliyobandikwa pamoja, yafunike shuka. Juu yake laza gamu, kile kitambaa cha kugandisha kwa pasi, upande wenye vidoto vya gundi utazame juu. Chora umbo la mkono kwa penseli, wino utatokeza. Sasa panga riboni zako za kusimama, ubavu kwa ubavu, uzibanie pini juu tu. Chini ziache huru, siri iko hapo. Kunja kwa juu riboni ya kwanza, ya tatu, ya tano, mpaka mwisho. Laza riboni moja ya kulala. Zirudishe chini. Kisha kunja ya pili, ya nne, ya sita, laza nyingine. Hupenyezi kitu, hutafuti tundu, na riboni haijisokoti. Kila baada ya tatu nne, sukuma kwa ubavu wa rula zikae sawa, ubanie pini pembeni. Shazia, ile sindano nene, iweke karibu kwa zile mbili za mwisho, ambazo hazina nafasi ya kukunjwa.

Halafu pasi. Moto mdogo, kitambaa cha pamba katikati, na ubonyeze, uinue, ubonyeze. Usiitembeze kama unanyoosha kanzu ya Ijumaa, itakokota riboni zote upande mmoja. Pini ziwe za chuma mpaka kichwani, maana vile vichwa vya plastiki huyeyuka vikaganda kwenye kazi. Acha ipoe kabisa kabla hujaondoa pini. Na kabla hujatia mkasi, pitisha cherehani mistari miwili ndani ya alama uliyochora. Asiyeshona kabla ya kukata ataokota riboni zake sakafuni moja moja.

Mama wa watoto wanne, Kikwajuni: Riboni za kufungia zawadi zinafaa? Ninazo mfuko mzima.

Hazifai. Ile ni plastiki tu, ikikunjwa inapata mstari mweupe usiotoka, na ukiipiga pasi utanunua pasi nyingine. Fungia zawadi.

Kijana wa kikundi cha sanaa, Chake Chake: Mimi ndiye nahodha kwenye mchezo. Mikono ni ya satini inayong'aa. Mwanamume haruhusiwi kuvaa hariri. Nifanyeje?

Mimi si mufti, hukumu kamuulize sheikh wako. La nguo naweza kukujibu. Satini ni jina la namna ya kufuma, ile inayoziacha nyuzi ndefu juu zikang'aa. Si jina la uzi. Wakati wa Mreno riboni za wakubwa zilikuwa za hariri kweli. Zilizojaa madukani mwetu leo ni poliesta. Ukitaka yakini, kata kipande cha kidole kimoja, kishike kwa koleo ukiwashe juu ya sahani. Poliesta hunywea, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Hariri ya mdudu hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni.

Kwa kuwa ni poliesta, kuna faida nyingine. Ncha zake ukizipitisha haraka pembeni mwa mwali wa mshumaa hazifumuki tena. Kwa hariri usijaribu.

Mshonaji, Mkoani: Mkono umependeza mno ila mwigizaji hawezi kukunja kiwiko. Ananyanyua upanga kama mtu aliyefungwa banzi.

Hili ndilo swali zuri kuliko yote niliyoletewa. Msuko wa kusimama na kulala, tena umegandishwa na gamu, hauna mahali pa kuachia. Umemvisha kawa, kile kifuniko cha chakula cha ukili. Njia ya kwanza ni kusuka riboni zilale mshazari, kona hadi kona, kama zinavyokwenda nyuzi za ukili, na badala ya gamu uzitulize juu ya bafta iliyokatwa mshazari nayo, kwa mishono midogo kwenye makutano. Hapo mkono utanyumbuka, kwa sababu kila kitambaa kikivutwa mshazari hunyumbuka.

Njia ya pili ndiyo ya wenyewe, na ndiyo ninayoipenda. Usifanye mkono mmoja mzima. Suka vipande virefu vitano au sita, upana wa vidole vitatu, kila kimoja ukitie bitana yake. Vishone pamoja begani na kwenye kifundo tu. Katikati viache huru. Ndani mtu avae shati la bafta lenye mikono mipana mara mbili ya mkono wake, na ulivute kidogo litokeze kwenye nyufa. Akikunja kiwiko, vipande vinafunguka, bafta inatuna, na uzuri unaongezeka badala ya kupungua. Husimuliwa kwamba mtindo huu wa nguo zenye nyufa ulianza kwa askari wa Uswisi waliomshinda Charles, mtawala wa Burgundy, mwaka 1476, wakaziba matundu ya nguo zao kwa vitambaa vya thamani walivyoteka. Iwe kweli au hadithi, inaonyesha kitu: nguo ile ilikuwa ya mtu anayetembea na kupigana. Nahodha wako naye lazima anyanyue upanga.

Lile shati la ndani, kama hujawahi kulikata, lifikirie kama foronya mbili ndefu zilizounganishwa kwenye kiwiliwili. Na foronya, kwa taarifa yako, ni neno tuliloachiwa na hao hao Wareno.

Mwalimu wa skuli, Wete (tena): Rangi nimechagua nyekundu na nyeupe. Kuna tahadhari?

Ipo, na nimeilipia. Mwaka mmoja nilisuka jozi ya nyekundu juu ya bafta nyeupe, nikaikabidhi asubuhi, usiku nikaalikwa kutazama. Ilikuwa joto la kabla ya masika na ukumbi hauna feni. Onyesho la pili, bibi yetu wa Kireno akainua mkono kuaga meli, na kwapa lote limekuwa la waridi. Onyesho la tatu limefika kifuani. Watazamaji wakadhani kachomwa mkuki, wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimejiinamia.

Tangu siku hiyo riboni nyekundu, nyeusi na zambarau haziingii kazini bila mtihani. Kata kipande, kiloweshe maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, kisugue juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha alama, irudishe dukani, au iweke mbali na weupe wote. Na ule mkato wa shati chini ya kwapa tia kikwapa cha bafta mbili, kama kwenye kanzu. Jasho litaishia hapo.

Bibi harusi mtarajiwa, Mbweni: Kwenye sherehe ya usiku nataka nivae kama Bibi Salme. Naweza kutumia mikono hii ya riboni?

Hapana mwanangu, utamchanganya bibi wa watu. Salme, binti wa Sultani Sayyid Said wa Zanzibar, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, na Wareno walikwishaipoteza Mombasa tangu 1698. Vazi la mabibi wa zama zake lilikuwa kanzu juu ya suruali ya marinda, na urembo ukaenda kwenye darizi na kwenye marinda yenyewe. Mkono hauna nyufa wala wavu. Ukitaka riboni iingie, ipitishe moja tu, nyembamba, juu ya rinda la kifundoni. Na uje kupimwa mapema, usije wiki ya harusi. Marinda ya suruali moja hunila siku mbili.