Tukisoma habari ya Hana, tusikimbilie kwa Samweli

Nimepoteza mimba mbili. Ya kwanza ilikuwa na wiki 9, ya pili ilikaribia miezi minne, na baada ya hapo ikafuata miaka ya kusubiri tu. Naandika kwa ajili ya dada aliyepo pale nilipokuwa mimi, na pia kwa yule anayetaka kumfariji mtu ila hajui aseme nini.

Kilichoniumiza zaidi ni maneno ya watu. Mungu atakupa mwingine. Chunguza maisha yako, labda kuna kitu hujatubu. Mkumbuke Hana, yule mwanamke wa kwenye Biblia aliyekosa mtoto, akaomba, akampata Samweli. Hili la Hana nimeambiwa mara nyingi sana mpaka siku moja nikafungua 1 Samweli sura ya 1 nikaisoma mwenyewe taratibu, na jamani, tunaisimulia vibaya. Tunakimbilia mtoto. Kabla ya huyo mtoto kuna mwanamke analia hata chakula hali, kuna mke mwenzie anamchokoza mwaka hadi mwaka, kuna mume anampenda kweli ila anamuuliza kama yeye si bora kuliko watoto kumi (alikuwa na nia njema, lakini hapo hakumsikia mkewe kabisa), alafu kuna kuhani Eli ambaye alimuona midomo inacheza sauti haitoki akadhani amelewa. Yani kiongozi wa dini, tena ndani ya nyumba ya Mungu, alimuelewa vibaya mtu mwenye uchungu. Hana akajieleza, na Eli akabadilisha kauli akamwambia aende kwa amani. Maandiko yanasema Bwana alimfunga tumbo, lakini hakuna hata mstari mmoja unaosema alitenda dhambi. Kwahiyo ukiambiwa umekosea mahali, una ruhusa ya kujibu kama Hana alivyojibu.

Rafiki yangu muislamu ndo alinionyesha kitu kingine. Kwenye Quran, Sura ya 42 aya ya 49 na 50, Mwenyezi Mungu huwapa awatakao watoto wa kike, awatakao wa kiume, wengine wote wawili, na amtakaye humfanya tasa, basi, hakuna neno adhabu hapo. Alafu akanikumbusha Bi Aisha, mke wa Mtume, hakuzaa, na leo hadithi zaidi ya 2000 zimepokewa kupitia kwake na wasomi walikuwa wanamfuata kumuuliza. Nililia siku hiyo maana kwa mara ya kwanza nilipewa habari ambayo haiishii kwenye kubeba mtoto.

Lakini tusidanganyane, dini pia zimeumiza watu. Kanisa Katoliki kwa karne nyingi halikuruhusu mtoto aliyekufa bila ubatizo azikwe kwenye ardhi iliyobarikiwa, kule Ireland kuna viwanja kabisa vya pembeni walikozikwa hao watoto, mara nyingi usiku na bila ibada. Ilipofika 2007 ndo tume ya wanateolojia wa Vatican ikatoa andiko kwamba kuna sababu za kutumaini watoto hao wanaokolewa. Fikiria mama aliyekufa kabla ya hapo akiamini mwanae hatamuona Mungu. Wajapani wao wana ibada ya mizuko kuyo, ya kuwakumbuka watoto waliopotea tumboni, wazazi wanaweka sanamu ndogo ya Jizo, mlinzi wa watoto katika dini ya Kibudha, wengine wanaivalisha kitambaa chekundu, na angalau mzazi anakuwa na mahali pa kwenda.

Na lawama siku zote imeshuka kwa mwanamke. Anne Boleyn, mke wa mfalme Henry VIII wa Uingereza, mimba yake ilitoka Januari 1536 na Mei akakatwa kichwa. Mashtaka yalikuwa uzinzi na uhaini, ila hakuna asiyejua mfalme alikuwa anatafuta mrithi wa kiume. Hata leo neno tasa tunamrushia mwanamke kabla mwanaume hajapimwa, wakati tatizo la upande wa mwanaume linachangia karibu nusu ya kesi. Nendeni wote wawili, siku moja, kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vingi atakavyofanyiwa mke. Na mimba zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo, karibu nusu au zaidi ni kasoro ya kromosomu (vile vinavyobeba vinasaba vya mtoto) iliyotokea tangu kutungwa. Sio ndoo uliyobeba, sio ugomvi mliokuwa nao, sio dhambi ya ujana wako. Mimi nilijilaumu mwaka mzima kwa safari moja ya basi.

Wewe unayekwenda kumuona, usiende na mfano wa mtu aliyepata baadaye. Sema pole, kaa, osha vyombo, na kama ametulia muulize kama walikuwa wameshampa jina. Muulize na mume, wangu aliulizwa hali yangu na kila mtu, ya kwake hakuna aliyeuliza.

Kitu cha mwisho ambacho hakuna aliyenitahadharisha ni tarehe ya makadirio. Ile siku ambayo ungejifungua inakuja tu hata kama umeanza kupata nafuu, na mimi ilinikuta kazini katikati ya kikao. Iandike mapema, omba ruhusa siku hiyo, na mwambie mtu mmoja unayemuamini akupigie simu asubuhi.